Jikinge Kabla ya Kigegezi: Ushauri kwa Mgeni wa Kazi ya Uvuvi

Nilizaliwa Iringa, mbali na bahari, nikahamia Kilindoni kisiwani Mafia nikiwa mtu mzima. Usiku wangu wa kwanza katika boti ya dagaa niliumaliza nimelala kifudifudi juu ya nyavu, nikitapika nyongo, huku wenzangu wakiniruka na wakati mwingine kunikanyaga, kwa kuwa wavu ukishatupwa hakuna anayeweza kumngoja mgonjwa. Tangu hapo nimevua misimu kadhaa, na jambo moja nataka mgeni alishike kabla ya mengine yote: kulevywa na bahari hukingwa mapema, kwa maana ukishaanza kutapika, karibu kila dawa ya kumeza hutoka kama ilivyoingia.

Chanzo chake si tumbo. Ndani ya sikio mna mirija midogo yenye majimaji, ambayo huuarifu ubongo kila kichwa kinapoinama au kuinuka. Macho nayo, yakiwa yametazama sakafu ya chombo inayokwenda pamoja nawe, huuarifu kwamba umetulia. Habari hizo zikipingana, huja miayo, jasho baridi, mate kujaa kinywani, kisha kigegezi, yaani kichefuchefu. Ndiyo maana anayenasua samaki wavuni akiwa ameinama hulewa mapema kuliko aliyeshika usukani. Nahodha wetu aliponikuta nikikumba maji kwa upo, yaani kata ya kutolea maji chomboni, huku nimekodolea macho ngama, pale chini maji yanapokusanyika, alinishika kidevu, akakiinua, akasema, "Mwanangu, upo unajua njia yake. Wewe tazama nchi." Nilimtii, nikakumba kwa kupapasa, na baada ya muda mfupi mate yakaacha kujaa kinywani.

Taabu ya dagaa ni kwamba huvuliwa usiku wa giza, taa zikiwa zimewashwa juu ya maji, na mwanga huo mkali hukufanya usione chochote nje ya boti, nchi wala upeo wa macho. Isitoshe, boti husimama kwa saa nyingi kungoja dagaa wakusanyike, na chombo kilichosimama ubavu kwa mawimbi huyumba vibaya kuliko kinachokwenda. Tena giza la mwezi mwandamo huja pamoja na bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, wakati mkondo una nguvu, na mkondo ukikabiliana na upepo wa kusi, mawimbi huwa mafupi na yenye kusimama wima. Kwa hiyo sikubaliani kabisa na desturi ya kumwanzisha mgeni kwenye dagaa. Aanze mchana, kwa mshipi, katika siku za maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo tu, na ikiwezekana wakati wa maleleji, kipindi cha upepo mtulivu kati ya kusi na kaskazi. Mwili wa watu wengi huzoea baada ya siku mbili tatu za kuingia baharini mfululizo. Kama huna budi kwenda usiku, ipe taa mgongo, tafuta taa ya nchi kavu au nyota iliyo chini, uikazie macho. Usipoona kitu, fumba macho na ulale katikati ya chombo, ambako mtikisiko ni mdogo kuliko omo (mbele) na tezi (nyuma), mbali na moshi wa mashine.

Kuhusu chakula, wengi hudhani tumbo tupu ni salama, nami nilidhani hivyo. Ndipo nikatapika nyongo. Kula kidogo saa mbili hivi kabla ya kuondoka: muhogo wa kuchemsha, mkate mkavu au wali mweupe. Acha vitumbua, samaki wa kukaanga, pombe na chai ya maziwa. Pata pia usingizi wa kutosha, kwa sababu mchovu hulewa upesi.

Tangawizi ndiyo dawa yangu. Naponda kipande cha ukubwa wa kidole gumba, nakichemsha kwa dakika kumi katika vikombe viwili vya maji, nanywa kikombe nusu saa kabla ya kung'oa nanga, na kingine nakitia kwenye chupa ya chai. Tafiti juu yake hazijakubaliana, lakini mimi imenifaa. Ndimu huwa mfukoni: nalikwaruza ganda kwa ukucha na kulinusa, harufu ya petroli inapozidi. Lakini ukiambiwa unywe kiganja cha maji ya bahari, kama nilivyoambiwa mimi, kataa, kwani chumvi ile huchokoza tumbo na kukuongezea kiu.

Vidonge vya dukani, kama promethazini na sinarizini, husaidia vikimezwa kabla ya safari, ila huleta usingizi, na kusinzia karibu na kamba zinazokimbia ni hatari. Muulize mfamasia kwanza, hasa ukiwa mjamzito au mwenye maradhi mengine.

Ukishatapika, kunywa kwa vijiko, usigugumie. Mimi hubeba lita moja ya maji safi iliyochanganywa vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa vya kusawazisha. Anayetapika bila kukoma, asiyekojoa au aliyeanza kuchanganyikiwa arudishwe pwani na kupelekwa hospitali, hata kama wavu haujajaa.

Mkifika pwani, usipande pikipiki mara moja. Ardhi itaendelea kuyumba chini ya miguu yako kwa saa kadhaa. Kaa kivulini, kula, ulale.