Maswali Yenu Kuhusu Hamira ya Maabara

Je, hamira ya mkate ndiyo hiyo hiyo inayochunguzwa na wanasayansi?

Ndiyo. Spishi ni ile ile, Saccharomyces cerevisiae, ila koo (nasaba) za maabara zimefugwa na kuchaguliwa kwa miongo mingi. Wengi hudhani ni bakteria. La, ni kuvu wa seli moja, na DNA yake imehifadhiwa ndani ya kiini, kama yetu.

Hamira na saratani, wapi na wapi?

Mwishoni mwa miaka ya 1960, Mmarekani Leland Hartwell alianza kutafuta jeni zinazoongoza mgawanyiko wa seli. Tatizo ni kwamba ukiharibu jeni kama hiyo, seli inakufa na huna cha kuchunguza. Basi akatafuta seli zenye kasoro inayojitokeza kwenye joto tu: katika nyuzi 23 zinaishi vizuri, ukizipandisha hadi 36 zinakwama.

Hamira huzaa kwa kuchipua, na chipukizi hukua kadiri kazi ya kugawanyika inavyoendelea. Kwa hiyo ukitazama kwa hadubini unajua seli imefika wapi: haijachipua, ina chipukizi dogo, au kubwa. Hartwell alipoona seli zote za ukoo mmoja zimesimama na chipukizi la ukubwa ule ule, alijua hatua iliyokosa jeni yake. Huo, kwangu, ni ujanja mzuri kuliko mashine nyingi za leo.

Mwaka 1987 Paul Nurse na Melanie Lee walionyesha kuwa jeni ya binadamu inaweza kushika nafasi ya jeni ya mgawanyiko iliyoharibika katika hamira ya aina nyingine, ile inayojikata katikati. Saratani ni seli zinazogawanyika bila kutii breki, na sehemu kubwa ya tunachojua kuhusu mtambo huo ilianzia kwenye kuvu hawa. Hartwell, Nurse na Tim Hunt walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2001.

Hamira ina dume na jike?

Haina. Ina aina mbili, a na alfa. Kila moja hutoa kemikali ya kuita mwenzake, na aliyeitwa hujinyoosha kuelekea anakotoka mwito hadi wakaungana. Seli hiyo yenye seti mbili za kromosomu ikishikwa na njaa, hutengeneza spora 4 (seli ngumu za uzazi, kila moja na seti moja ya kromosomu) ndani ya kifuko kimoja. Mtafiti huzitenganisha moja moja kwa sindano nyembamba ya kioo, akitazama kwa hadubini. Jeni moja ikiwa na kasoro upande wa mzazi mmoja, kwa kawaida spora 2 huirithi na 2 hukosa.

Nimeona picha ya koloni nyekundu. Ni uchafu?

Sivyo. Koloni ni rundo la seli zilizozaliwa na seli moja. Jeni iitwayo ADE2 ikiharibika, utengenezaji wa adenini, mojawapo ya herufi za DNA, hukwama njiani, malighafi hurundikana na kugeuka nyekundu. Watafiti huitumia makusudi kama alama.

Ina jeni ngapi?

Takriban 6,000, kwenye kromosomu 16. Mwaka 1996 ilikuwa ya kwanza kati ya viumbe wenye kiini kusomwa DNA yake yote. Kazi ya mamia ya jeni hizo bado haijafahamika.

Je, inazeeka?

Inazeeka. Seli mama huzaa mara 25 hivi, kisha husimama na kufa, na kila uzazi humwachia kovu kwenye ukuta wake. Binti huanza hesabu upya, isipokuwa mama akiwa mkongwe sana.