Chaneli nne zimepotea kwa mpigo

SWALI: Tangu mvua ya juzi, king'amuzi changu cha antena hakionyeshi chaneli nne, nyingine safi kabisa. Kimekufa? – Msomaji, Nkuhungu, Dodoma

JIBU: Hakijafa. Chaneli kadhaa husafirishwa kwenye masafa mamoja ya mawimbi. Yakidhoofika, zote hutoweka pamoja. Usitafute upya chaneli zote sasa, maana ving'amuzi vingine hufuta hata orodha uliyonayo. Chomoa king'amuzi kwenye umeme, kisha fungua koneka, kiungio cha kebo, pale kwenye antena. Shaba ya katikati ikiwa ya kijani, maji yameingia: kata kebo sentimita tano au zaidi, hadi ufikie shaba inayong'aa. Unapomenya ncha ya kebo, uzi hata mmoja wa wavu wa nyaya unaoizunguka usiiguse shaba ya katikati. Rudisha koneka, uizungushie tepu ya mpira. Ndipo uwashe, ugeuze antena kidogo kidogo huku mwenzio akisoma kwenye skrini ubora wa mawimbi, si nguvu tu. Busta, kile kikuza mawimbi? Utapoteza pesa bure, hukuza hata kelele zinazovuruga mawimbi.