Je, nidondoshee fedha kwenye kipimo cha malaria ili mstari ukolee?

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Mimi ni fundi wa maabara katika kituo cha afya cha daraja la tatu, upande wa Tororo, Uganda. Vipimo vyetu vya haraka vya malaria mara nyingine hutoa mstari hafifu sana, mpaka tunaupeleka dirishani tukaubishanie. Nimesoma kwamba chembe za dhahabu zikipakwa fedha, mstari hukolea. Tunayo naitreti ya fedha kabatini. Nikidondosha tone moja kwenye kaseti, nitapata jibu lililo wazi?

JIBU: Usidondoshe, ndugu yangu. Ila wazo lenyewe si la kuchekwa. Wapo waliolitengenezea kipimo kizima.

Wekundu ule unaouona ni dhahabu. Ikiwa katika vijipira vya nanomita 20 hadi 40, dhahabu haing'ai njano. Hunyonya mwanga wa kijani, nasi tunaona nyekundu. Michael Faraday aliichunguza rangi hiyo London mwaka 1857. Kwenye kipimo chako kila kijipira kimevishwa kingamwili zinazoshika HRP2, protini inayotolewa na kimelea cha malaria kiitwacho Plasmodium falciparum, na kingamwili nyingine zimepangwa kwenye mstari zikiisubiri. Kijipira kimoja hakionekani kwa jicho. Lazima virundikane. Protini ikiwa chache, hunaswa vizuri tu, lakini vijipira vilivyokuja nayo havitoshi kuonekana.

Hapo ndipo fedha (madini, si noti!) inapoingia. Dhahabu inakuwa mbegu: ioni za fedha hugeuka metali juu yake na kijipira kinanenepa. Kipenyo kikiongezeka mara mbili, ujazo unakuwa mara nane, na uwezo wa kunyonya mwanga unapanda nao. Mstari wa waridi unakuwa wa kahawia au mweusi.

Sasa tone lako. Kwanza, naitreti peke yake haitoshi; inahitaji kemikali ya kuigeuza metali, kama zile za kusafishia picha zamani. Pili, na hili ndilo litakalokuharibia kazi, damu na bafa (ule majimaji mnaoudondosha kwenye kaseti) vina chumvi, yaani kloridi. Fedha ikikutana na kloridi hufanya mashapo meupe, na mashapo hayo yakipigwa na mwanga huwa meusi. Utapata kidirisha chote kichafu, hata cha mtu asiye na kimelea hata kimoja. Tena dhahabu iliyobaki njiani kwenye karatasi nayo itanenepa. Ndiyo maana vipimo vya aina hii huoshwa kwanza.

Kampuni ya Fujifilm ilivikwepa vikwazo hivyo: walichukua ujuzi wao wa filamu za picha wakaunda kipimo cha mkojo cha kifua kikuu kwa watu wenye VVU, kinachotafuta LAM, kipande cha ukuta wa bakteria wa kifua kikuu, kwa kuinenepesha dhahabu kwa fedha. Katika utafiti uliotolewa mwaka 2019, kwa wagonjwa waliolazwa Afrika Kusini, kilitambua takriban 70 kati ya kila wagonjwa 100 wa kifua kikuu, pale kipimo cha zamani kilipotambua 42. Wengine huivika dhahabu platini, ambayo hufanya kazi kama kimeng'enya: ukiongeza peroksidi na kemikali ya rangi, kila chembe huzalisha rangi kwa wingi. Watafiti wa London wameitumia kwa protini p24 ya VVU.

Kwa malaria mimi sina haraka hiyo. WHO inataka kipimo kiweze kukamata vimelea 200 kwa mikrolita ya damu, na mtoto anayeungua homa ya malaria mara nyingi anavyo maelfu. Halafu HRP2 hubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa baada ya mgonjwa kupona. Na huko kwenu wengi hutembea na vimelea vichache bila kuumwa. Kipimo kikali zaidi kitawanasa hao nao, kisha mmoja wao akija na homa ya nimonia, atatibiwa kama wa malaria. Kama kimelea kimepoteza jeni ya HRP2, hata platini haina cha kushika.

Mstari hafifu uliotokea ndani ya muda ulioandikwa kwenye kikaratasi ni jibu chanya, msiubishanie. Tegeni saa, kwa sababu ukichelewa kusoma, kivuli kinachofanana na mstari huweza kujitokeza. Pakiti ifunguliwe mgonjwa akiwa ameshakaa, maana unyevu huharibu karatasi. Mkiwa bado na shaka, tengenezeni slaidi mtazame kwa hadubini. Naitreti ibaki kabatini, kwenye chupa ya kahawia.