Msomaji akisema "chafu", kagua kwanza mpangilio wa wakati

Mkuu, swali lako kwa kifupi: umeandika riwaya ya kusafiri katika wakati, ina sehemu za kikubwa, umewapa watu kumi sura sita za mwanzo na maoni yamerudi kila moja na njia yake. Wanne wamesema ni chafu, watatu hawakuelewa nani ni nani, mmoja anataka "zaidi ya hapo", wawili kimya. Unauliza uzifute hizo sehemu au uziache.

Usifute kitu bado. Kwenye riwaya za aina hii neno "chafu" hubeba malalamiko zaidi ya moja, na anayelitamka mara nyingi hajui ni lipi hasa lililomkera. Hao watatu walioshindwa kuelewa wanaweza kuwa wanalalamikia jambo lile lile na hao wanne.

Chukua mfano wa Up the Line ya Robert Silverberg, iliyotoka 1969. Judson Daniel Elliott wa Tatu ni mwongoza watalii, ila anawapeleka Konstantinopoli ya kale (Istanbul ya leo): washuhudie ghasia za Nika za mwaka 532, kisha waruke waone kanisa la Hagia Sophia likizinduliwa. Ngono imejaa tangu mwanzo. Kitabu kilifika kwenye orodha ya mwisho ya Nebula na Hugo, tuzo za hadithi za kisayansi, na mpaka leo wasomaji wake hawajapatana. Wanaosifu wanasifu Bizanti, yaani dola ya Konstantinopoli, na vitendawili vya wakati, mathalani kwamba kila safari ya watalii inaongeza umati kwenye tukio lile lile mpaka watazamaji wafurike. Wanaolaumu wanasema wanawake wamechorwa kama mapambo. Lakini tazama lawama hiyo inaangukia wapi. Pulcheria, ambaye ni bibi wa mababu wa Judson na Judson huyo huyo anampenda, unaweza kumchukia kwa sababu za mwiko, ila huwezi kumwita kijazio: ukimtoa, kisa kinaporomoka. Wale wengine wa usiku mmoja ukiwatoa, hakuna tarehe hata moja inayosogea. Hapo ndipo msomaji anapohisi anauziwa kitu ambacho hakukiagiza.

Kipimo chake ni rahisi. Kwa kila tukio la kitandani andika mambo manne: mwaka wa tukio, umri wa mwili wa kila mhusika, kila mmoja alijua nini kabla, na anajua nini baada. Kabla na baada zikifanana, tukio hilo halina kazi, hata uliandike kwa adabu namna gani.

Kazi yenyewe unaipata kwenye mwili. Safari za wakati zina bahati ambayo riwaya nyingine hazina: mwili unatunza tarehe. Mwanamke anaona kovu ubavuni mwa mwanamume aliyetoka wakati ujao mwaka 1998, na jeraha lenyewe atalipata 2011 kwenye sura ya kumi na nne. Kovu hilo halionekani mtu akiwa na shati. Sasa tukio la chumbani ndilo pekee linaloweza kumpa mwanamke siri hiyo, na msomaji akifika sura ya kumi na nne anarudi mwenyewe kulisoma upya.

La pili ni viambishi, na hapa Kiswahili kinatuponza kuliko Kiingereza. Soma hii:

"Alimvuta, akamkumbatia, akamwambia amechelewa."

Kati ya Juma na Asha, tunasalimika kwa muktadha. Kati ya Juma wa miaka 25 na Juma wa miaka 40 aliyerudi nyuma, sentensi hiyo ni giza totoro. Nani kavuta? Nani kachelewa? Ukiweka giza hilo ndani ya tukio la kikubwa, msomaji anapapasa kutafuta nani anafanya nini kwa nani, na kupapasa huko ndiko kunakomfanya ajione anachungulia. Anaandika "chafu". David Gerrold alikutana na tatizo hili hili kwenye The Man Who Folded Himself (1973), ambamo mhusika anakutana na nafsi zake na kupendana nazo; akampa mmoja jina Dan na mwingine Don. Fanya hivyo, ila epuka "Juma Mkubwa" na "Juma Mdogo". Kwa masikio yetu hao ni ndugu wawili. Tumia kitu kinachoonekana: mwenye pete, mwenye upara, na ukishikilie mpaka mwisho wa sura.

Halafu -ji-. "Akajikumbatia" ni mtu mmoja mwenye baridi au mtu mmoja aliyemkumbatia mwenziwe ambaye ni yeye? Jiwekee sheria: -ji- ibaki kwa mwili mmoja, miili ikiwa miwili tumia -ana. "Wakakumbatiana." Utata mwingi unaisha hapo hapo.

Angalia pia -ka-. Kazi yake ni kufuatanisha matendo, kwa hiyo ukiandika "akavua saa, akabonyeza kitufe, akamkuta mkewe amelala", msomaji anaelewa ni dakika moja na chumba kimoja, kumbe katikati umeruka miaka thelathini. Kila unaporuka, kata mnyororo: nukta, tarehe, kitenzi kipya chenye -li-. Na -li- yenyewe ifuate maisha ya msafiri, si kalenda. Alichokwisha kukiishi ni -li- hata kama kalenda inasema bado: "Mwaka 2040 nilikula pweza hapa hapa." Ni rahisi kusoma kuliko "nitakuwa nilishakula", ambayo ukiitumia mara tatu kwenye ukurasa mmoja mtu anafunga kitabu.

(Kama kisa kinategemea usiku fulani, andika "usiku wa kuamkia Ijumaa". Kwa wazee wa pwani siku inaanza jua likizama, kwa hiyo "usiku wa Ijumaa" kwao ni Alhamisi ya kalenda ya simu yako. Nusu ya wasomaji watakuhesabia kosa la tarehe ambalo hukulifanya.)

La tatu ni maneno yenyewe. Tuna matusi ya mtaani, tuna maneno ya hospitali kama "kujamiiana", na tuna tafsida: "kukutana kimwili", "kulala naye", "tendo la ndoa". Kila kundi linavumilika likikaa peke yake. Balaa ni kuyachanganya ndani ya aya moja: mstari wa kwanza mafumbo ya taarabu, wa pili daktari wa zamu, wa tatu kijiweni. Na "tendo la ndoa" kwa watu wawili waliokutana jana tena katika karne tofauti ni kichekesho, labda uwe umekikusudia. Chagua ngazi moja kwa msimulizi, na nyingine waachie wahusika midomoni mwao. Msafiri wako akitua Kilwa ya zamani, usimpe mwenyeji wake lugha ya hospitali. Mafumbo ya kungwi na somo yanatosha kabisa, na huwa yanawasha kuliko maelezo ya viungo.

Umri hauna mjadala. Katika wakati wowote, miili yote miwili iwe imetimiza 18, na msomaji ajue hivyo kabla ya tukio kuanza. "Kwa kalenda ana 40" haikuokoi. The Time Traveler's Wife ya Audrey Niffenegger (2003) imechelewesha mapenzi mpaka Clare atimize 18, na bado wapo wasomaji wasioisamehe kwa sababu mume alianza kumtembelea akiwa mtoto wa miaka sita. Hao usiwaite washamba. Wamesoma vizuri.

Kelele za maadili hazitaisha hata ukirekebisha yote. Riwaya ya Rosa Mistika ya Kezilahabi ya 1971 ilipigwa marufuku mashuleni na bado inasomwa na kujadiliwa. Ila kama unasambaza kwa vipande kwenye WhatsApp, onyo la 18+ liwe juu ya kila kipande, si cha kwanza tu, kwa sababu kipande cha saba ndicho kitakachotumwa kwenye grupu la ukoo bila ndugu zake sita. Na kwa Tanzania, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inagusa kusambaza ponografia kwa kompyuta, kwa hiyo magrupu ya wazi si mahali pa kujaribia sehemu kali. Wape watu wazima unaowajua, mmoja mmoja.

Raundi ijayo usiwaulize "umependa?" Watakujibu kwa heshima au kwa hasira, na vyote havikusaidii. Waulize walisimama ukurasa gani, na kwenye kila tukio la chumbani waandike nani yuko pale na ni mwaka gani. Wakikosea jibu la pili, tatizo ni viambishi na tarehe. Wakipatia yote na bado wakasema chafu, rudi kwenye ile karatasi ya mambo manne. Wakipatia, na tukio lina kazi, na bado hawataki, hao si wasomaji wa kitabu hiki, washukuru uwaache.

Huyo anayetaka "zaidi ya hapo" usimhesabu kwa sasa. Wale wawili waliokaa kimya ndio uwatafute leo, na uwaulize namba ya ukurasa tu.