Sabato inashikwa kuanzia Jumatatu: kwa nyie mnaoanza kazi au chuo hapa Dar

Wadogo zangu Waadventista Wasabato mliobatizwa makambini mwaka huu, kwenye ile mikutano yetu ya kila mwaka, na nyie mlioshuka Dar juzi kutoka Same, Musoma au popote kutafuta kazi au kuanza chuo, haya nawaandikia nyie kwa sababu kila mwaka naona kitu kile kile. Mtu anaanza na moto, Shule ya Sabato, lile darasa la Biblia la Jumamosi asubuhi, hakosi, lesoni yake kasoma wiki nzima, halafu miezi mitatu minne mbele unamuulizia unaambiwa siku hizi kapangwa shifti ya Jumamosi, baadaye hata kwenye grupu hayupo. Na ukikaa nae ukamsikiliza vizuri unakuta wala imani hajaiacha, kilichomshinda ni mpangilio. Mji huu haukunyang'anyi Sabato Jumamosi asubuhi, unakunyang'anya Jumanne ulipokaa kimya wakati ratiba ya shifti inapangwa, unakunyang'anya Alhamisi ulipoacha nguo zote kwenye beseni ukisema nitafua kesho.

Tuanze na kazi maana hapo ndo wengi wanapoangukia. Sema mapema. Siku ya intavyuu, au ukishaambiwa umepata, kabla hujasaini mkataba, sema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba kuanzia Ijumaa jua likizama mpaka Jumamosi jua likizama haufanyi kazi kwa ajili ya imani yako, na hapo hapo bila kuvuta pumzi sema ni lini utafanya. Hiyo sehemu ya pili ndo watu wanaisahau. Bosi wako kinachomuumiza kichwa siyo theolojia, anawaza Jumamosi nani atafungua, nani atapokea mzigo, nani atakaa kaunta, sasa ukimletea aya kumi za Biblia bila kumjibu hilo unakuwa umemwachia mzigo wake vile vile. Barua yenyewe iwe fupi. Mimi huwa nawaambia waandike hivi: "Kwa imani yangu ya Kikristo nashika Sabato kuanzia Ijumaa jua linapozama hadi Jumamosi jua linapozama. Naomba nisipangiwe kazi muda huo. Niko tayari kufanya kazi Jumapili na sikukuu za Krismasi, Pasaka na Idi, na kubaki jioni Jumatatu hadi Alhamisi pale kazi inapozidi." Inatosha hiyo. Peleka nakala mbili, moja igongwe mhuri wa kupokelewa ukae nayo, maana mabosi wanabadilika na anayekuja hajui mlichoongea na aliyeondoka.

Sheria nayo ijue, ila usianze nayo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka masaa ya kawaida yasizidi 45 kwa wiki na 9 kwa siku, sasa piga hesabu mwenyewe, masaa tisa mara siku tano ni 45 kamili, kwa hiyo kumwambia mwajiri kwamba unaweza kumaliza masaa yako yote bila Jumamosi kuguswa siyo ndoto. Sheria hiyo hiyo inakataza ubaguzi kazini kwa sababu ya dini, na Katiba ibara ya 19 inazungumzia uhuru wa imani. Ukiyajua haya unaongea bila kutetemeka, lakini ukiingia ofisini kwa mtu na vifungu vya sheria siku ya kwanza umeshaanzisha vita ambayo pengine haikuwepo. Kuna sehemu nilifanya kazi, jina tuliache, msimamizi alininyima ruhusa wiki baada ya wiki, akanipa barua ya kujieleza, na kilichonisaidia ni kwamba nilikuwa na barua ya zamani yenye mhuri inayoonyesha walijua tangu siku ya kwanza. Sikubishana nae, nilitoa karatasi.

Na hapa Dar tuna baraka moja ambayo watu hawaioni, tunafanya kazi na Waislamu. Muislamu huhitaji kumweleza sana kwa nini kuna siku ya ibada, yeye mwenyewe Ijumaa saa sita na nusu anatafuta pa kutawadha. Mfate jirani yako wa meza, mwambie Jumamosi yangu chukua wewe, mimi nakaa Ijumaa mchana ukiwa msikitini, na Idi zote mbili nakaa mimi. Nimeona mapatano ya hivyo yakidumu miaka bila bosi hata kuingilia. Sharti ni moja, ukiahidi Idi ukae kweli, siyo Idi ikifika unaanza kutafuta udhuru, maana hapo umeharibu kwako na kwa Msabato mwingine atakayekuja baada yako.

Manesi, madaktari na wanaolea wagonjwa, msiishi na hatia. Yesu aliponya siku ya Sabato na Mathayo 12:12 inasema ni halali kutenda mema siku ya sabato, mgonjwa hajui leo Jumamosi. Ila hata nyie ongeeni na msimamizi wa wodi, wengi wanakubali kukupa Jumapili na usiku wa katikati ya wiki ukiwaomba kabla ratiba ya mwezi haijatoka. Kukaa dirisha la kukusanya malipo hospitali siyo sawa na kufunga kidonda, hapo kila mtu apime na dhamiri yake.

Nyie wa vyuo, ratiba ya mitihani huwa inabandikwa kwanza ile ya awali ambayo bado inaweza kurekebishwa, na hiyo ndo siku yako ya kukimbia. Ukiona somo limeangukia Jumamosi nenda siku hiyo hiyo kwa mratibu wa idara, na msiende mmoja mmoja, nendeni kupitia TUCASA, chama cha wanafunzi Waadventista vyuoni, mkiwa na orodha ya majina na namba za usajili, maana mtu mmoja anaonekana anatafuta visingizio lakini orodha inashughulikiwa. Testi za ghafla Jumamosi muwekeni sawa CR, mwakilishi wa darasa lenu, tangu wiki ya kwanza ya muhula, yeye ndo anayempigia mwalimu simu mkikubaliana siku. Ukishangaa shangaa mpaka ratiba ya mwisho itoke basi usimlaumu mtu.

Sasa nyumbani. Hapa nataka mnisikilize vizuri maana ndo panaponigusa zaidi. Kwenye Kutoka 16 mana ilikuwa siku ya sita inaokotwa mara mbili, na hata wale wanawake waliomfata Yesu kaburini, Luka 23 inasema ilikuwa siku ya Maandalio, wakarudi wakatayarisha manukato, halafu wakastarehe siku ya sabato kama ilivyoamriwa. Yaani mpaka kumhudumia Bwana mwenyewe walikuwa na kazi wameimaliza mapema na nyingine wameiacha isubiri. Dar maandalio yanaanza Jumatano, usidanganyike. Maji yakitoka Jumatano jaza madumu yote maana huna uhakika yatatoka Ijumaa. Alhamisi usiku chemsha maharage, chambua mchele, piga pasi nguo za wote ndani ya nyumba mpaka kitambaa cha kichwa na soksi za watoto. Luku nunua Alhamisi, angalia namba kwenye mita, zikiwa chini ya kumi ongeza, maana hakuna kinachoharibu Ijumaa jioni kama taa kukata saa mbili usiku mnasoma neno halafu mnaanza kuulizana nani ana salio. Ijumaa asubuhi kabla hujatoka kwenda kazini weka sadaka na zaka kwenye bahasha, Biblia na lesoni kwenye begi, viatu mlangoni. Jioni ukirudi vibaki viwili tu, kupasha chakula na kuoga.

Na kurudi kwenyewe ndo mtihani. Ijumaa jioni kutoka Posta kwenda Mbagala au Gongo la Mboto unaujua mwenyewe, mvua ikinyesha ndo kabisa. Omba utoke mapema Ijumaa na ufidie asubuhi, ukiingia saa moja badala ya saa mbili hakuna atakayelalamika. Ikitokea jua limekuzamia kwenye daladala, funga simu ya kazi, inamisha kichwa, fungua Sabato hapo hapo umesimama umeshika bomba. Mungu anasikia hata Rangi Tatu.

Kuhusu muda, watu wanauliza sana kwa nini tusiseme tu saa kumi na mbili jioni yakaisha. Waanzilishi wetu kule Marekani walifanya hivyo hivyo, Joseph Bates alifundisha saa kumi na mbili akitumia hoja kwamba kwenye ikweta jua linazama saa hiyo, mpaka mwaka 1855 J. N. Andrews alipochunguza Maandiko akaonyesha kwamba ni kuzama kwa jua, jioni hata jioni kama Walawi 23:32, wakabadilika. Hapa kwetu jua halichezi sana lakini linacheza, mwezi wa tano na wa sita linazama kwenye saa kumi na mbili na robo, mwishoni mwa mwezi wa kwanza linasogea mpaka karibu saa moja kasoro dakika kumi. Simu yako inakuonyesha, angalia, usikisie.

Ndugu watakusumbua, jiandae kwa upendo. Dar hii kila kitu ni Jumamosi, harusi, sendofu, kitchen party, vikao vya kamati, kikoba. Mwambie shangazi mapema kwamba ukumbini utafika jua likishazama, na mchango wako toa wa kwanza, tena Ijumaa mchana au kabla, usije ukawa yule asiyetokea na hela hajatoa. Msiba ni kitu kingine, nenda kafariji, kaa na wafiwa, kuzika ni tendo la huruma, ila kazi za kununua na kupangilia malipo waombe wengine wazishike.

Halafu kuna lile la "hiyo dini ya Wazungu" au "hiyo dini ya Wapare". Usigombane, jibu kwa upole ukijua unachosema. Ni kweli wamisionari wa Kiadventista kutoka Ujerumani walifika milima ya Upare mwaka 1903, na kanisa lenyewe liliundwa rasmi Marekani mwaka 1863. Ila Sabato haikuanzia kwao. Ethiopia karne ya 14 mtawa Ewostatewos na wafuasi wake waliteswa na kufukuzwa kwa sababu ya kushika Jumamosi, na mwaka 1450 kwenye mtaguso, yaani mkutano mkuu wa kanisa, wa Debre Mitmaq mfalme Zara Yaqob akaithibitisha Sabato iheshimiwe pamoja na Jumapili. Waafrika hao, tena mamia ya miaka kabla ya Waadventista kuwepo. Na nyuma ya hao wote kuna Mwanzo 2, hakuna Mzungu wala Mpare pale.

Siku yenyewe sasa, naomba msiifanye kuwa orodha ya makatazo. Isaya 58 inasema uiite siku ya furaha. Mchana baada ya chakula cha pamoja msilale wote mpaka jua linazama, nendeni mkamwone mgonjwa hospitali ya Amana au Temeke, tembeeni ufukweni na watoto muwaonyeshe kaa na ndege, imbeni. Mtoto akikua anajua Sabato ni siku baba anakaa nae bila simu, huyo hutamlazimisha.

Kwa yeyote ambae usaili au mtihani wake umepangwa Jumamosi inayokuja, andika leo kuomba siku nyingine, usingoje Ijumaa. Mfate mzee wa kanisa lako akupe barua ya utambulisho yenye mhuri, ila na yeye ana kazi zake, mpe siku mbili tatu. Na kama umeshaachishwa kazi kwa ajili ya hili usikae nyumbani kimya, mwambie mzee au shemasi, makanisani kwetu kuna mafundi, wenye maduka Kariakoo, wenye ofisi zao, na wengi wao Jumamosi wamefunga na wanatafuta mtu wa kumwamini Jumapili.