Aombe tena, lakini tuitazame kwanza Hisabati yake

Swali lenu la juma hili linauliza kama kijana aliyekosa nafasi ya kusoma Uchumi chuo kikuu aombe tena mwakani au aipokee kozi nyingine aliyochaguliwa. Nafundisha Hisabati kidato cha tano na sita hapa Iringa, na kila ifikapo Septemba wazazi huniletea swali hilo wakitaka jibu la neno moja. Mimi huwauliza kwanza ni kitu gani katika maombi hayo kitakachokuwa kimebadilika mwakani, kwa maana matokeo yakiwa yale yale na chuo kikiwa kile kile, sioni kwa nini jibu liwe jingine.

Wengi hupotezwa na sifa ya chini. Mwongozo wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, ukisema alama 4.0 kutoka masomo mawili, kwa mfano D mbili, mzazi huamini kwamba mwanawe ameshapata nafasi, ilhali alama hizo zinamruhusu kushindanishwa tu. Chuo chenye waombaji wengi kuliko nafasi huwapanga kwa ufaulu kuanzia juu, na nafasi zikijaa, mwenye sifa huachwa pamoja na sifa zake.

Mpwa wangu alimaliza kidato cha sita mchepuo wa EGM, yaani Uchumi, Jiografia na Hisabati, akiwa na B ya Jiografia, C ya Uchumi na S ya Hisabati, alama isiyofikia ufaulu kamili. Chuo kikubwa cha umma alichokitamani hakikumchukua kwa Uchumi. Vyuo vingine viwili vikamchagua, kimoja kwa ualimu na kingine kwa usimamizi wa rasilimali watu, hivyo akatakiwa kuthibitisha kimoja kwa namba ya siri aliyotumiwa kwenye simu. Jioni ya mwisho ya kuthibitisha tulikuwa steshenari moja karibu na stendi, ambako mama mwenye duka alikuwa akidurufu mitihani ya shule ya msingi, na kila alipomaliza fungu moja alitugeukia kuuliza kama tumekwisha. Baba wa kijana alikuwa hewani kutoka Mafinga, sauti juu, duka zima likisikia: “Shemeji, mwambie athibitishe ualimu, mkopo usije ukatupita.” Kijana akaanza kuandika ile namba, akaifuta, akaandika tena. “Mjomba,” akasema, “nikithibitisha hapa, Uchumi nimeuaga.”

Nilichukua karatasi iliyoharibika kutoka kapuni, nikamwandikia mlinganyo wa mahitaji ya bidhaa, nikamtaka atafute bei itakayomletea muuzaji mapato makubwa kuliko zote. Mnyumbuko wa mahitaji alinieleza kwa ufasaha ambao ungemfurahisha mwalimu wake wa Uchumi, lakini alipofika mahali pa kukokotoa, kalamu ilisimama. Tuliikodolea macho karatasi ile mpaka mama akazima mashine moja na kuanza kufagia. Namba haikuandikwa tena. Tulipotoka tulitozwa muda wa kompyuta na, bila aibu, ile karatasi ya kapuni. Shemeji hakuzungumza nami mpaka Krismasi.

Mwaka uliofuata kijana alijiandikisha kama mtahiniwa wa kujitegemea, akarudia Uchumi na Hisabati mwezi Mei, na S ikawa C. Aliomba tena. Chuo kile kikubwa kikamkataa tena, na Uchumi akaupata katika chuo kingine cha umma ambacho mwaka wa kwanza hakukiweka kabisa kwenye orodha yake.

Kwa hiyo anayesema kwamba mwaka ule ulipotea ana hoja, kwa sababu orodha ingeweza kurekebishwa katika awamu ya tatu ya maombi ya mwaka ule ule bila kusubiri. Nilianza kuandika nikikusudia kusema hivyo hivyo: Mzumbe ipo, UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, ipo, Uchumi wa Kilimo upo Sokoine, na mpenda takwimu ana chuo chake Changanyikeni, Dar es Salaam; jina la chuo halistahili mwaka wa mtu. Ila kila ninapoikumbuka ile kalamu iliyosimama, nashindwa kulimaliza jibu hilo. Kwa S ile, hata angepokelewa, hesabu za mwaka wa kwanza chuoni zingempa sapu, yaani mitihani ya marudio, mfululizo, pengine hata kumdisko, kama vijana wanavyosema, yaani kumwondoa masomoni. Kwa ile C alizifaulu zote.

Basi aombe tena, kama kilichomwangusha ni Hisabati na yuko tayari kuirudia. Kama Hisabati yake ni nzuri na amezidiwa kwa ushindani wa chuo kimoja tu, asisubiri. Binti ambaye mwaka wa nyumbani utaliwa na genge la mama na malezi ya wadogo zake ningemshauri aipokee kozi aliyopewa, hata kama simpendelei jibu hilo. Na anayeomba tena ajue kwamba maombi ya mkopo huanzwa upya, pamoja na vyeti vya kuhakikiwa RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo. Shemeji angewaandikia jibu jingine kabisa, tena lenye gharama za vitabu, ada ya mtihani na chakula cha mwaka mzima, ambazo alizilipa yeye, si mimi.