Kijana, Kikao Kinaanza Bila Wewe

Barua nyingi safari hii zimehusu vijana na uraia. Baadhi nimezijibu kwa ufupi kwa sababu hazihitaji zaidi.

Kura yangu moja ina faida gani kati ya mamilioni?

Swali hili linarudi kila msimu wa uchaguzi, na karibu kila anayeliuliza hasemi kama amejiandikisha. Mwanasiasa hahesabu kura yako peke yake, anahesabu rika lako. Akiona wazee wanajitokeza na vijana wanabaki nyumbani, atalinda pensheni na kuahirisha ajira. Jiandikishe kwanza, tutabishana baadaye.

Umri wa kupiga kura ushushwe hadi miaka 16?

Naunga mkono. Brazil imewaruhusu wenye miaka 16 na 17 kupiga kura kwa hiari tangu katiba ya 1988. Austria ilifuata 2007, Argentina 2012. Huko kote uchaguzi unaendelea kama kawaida. Wanaosema kijana hajakomaa wakumbuke kwamba Marekani iliwapeleka vitani vijana wa miaka 18 huku majimbo mengi yakiwataka wasubiri hadi 21 ndipo wapige kura. Marekebisho ya katiba yaliyomaliza jambo hilo yalipita 1971. Ila umri pekee hautoshi. Nchi inayoshusha umri bila kufundisha somo la uraia kwa dhati inawakabidhi wagombea wapiga kura wapya wasiojua diwani anafanya kazi gani.

Kusambaza ujumbe mtandaoni ni ushiriki?

Ni mbiu. Mbiu ikilia watu hukusanyika. Wewe umekusanyika wapi?

Tumeandamana mara tatu na hakuna kilichobadilika. Tumekosea wapi?

Hukuniambia mlidai nini, wala mlimdai nani. Hapo ndipo pa kuanzia.

Tarehe 1 Februari 1960, wanafunzi wanne weusi waliketi kwenye kaunta ya chakula ya duka moja mjini Greensboro, Marekani, kaunta iliyohudumia wazungu tu. Dai lao lilikuwa moja: tuhudumieni. Aliyeweza kulitimiza alijulikana, naye ni mwenye duka. Walirudi kesho yake wakiwa wengi zaidi, na siku zilizofuata, na Julai kaunta hiyo ikafunguliwa kwa wote. Ninyi mkibeba mabango yenye madai kumi kwa watu wasiotajwa, kila kiongozi atasema hilo si langu, na atakuwa amesema kweli.

Halafu kuna bajeti, ambayo sitachoka kuisema. Pesa hazigawanywi siku hotuba inaposomwa. Zimeshagawanywa miezi kabla, kwenye kamati, watu wachache wakiwa mezani. Niliwahi kuhudhuria kikao ambacho fungu la vijana lilifutwa kwa dakika chache. Ukumbini hapakuwa na kijana hata mmoja, na malalamiko yao yalidumu mwaka mzima. Nilitoka pale nikiwa na uchungu ambao haujanitoka. Mjini Porto Alegre, Brazil, tangu 1989 wakazi waliketi kwenye mabaraza ya mitaa kupanga sehemu ya matumizi ya mji, na maji na mifereji ya majitaka ilipanda juu ya orodha kwa sababu wasiokuwa nayo walikuwepo kusema. Kwa hiyo tafuta kalenda ya bajeti. Peleka barua mapema, yenye dai moja, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Nimeteuliwa mwakilishi wa vijana kwenye kamati. Nitawashukuruje wazee walioniteua?

Kabla ya shukrani, uliza kama una kura. Uliza ajenda utaipata lini na kama maneno yako yataingia kwenye muhtasari. Mtafiti Roger Hart, katika ngazi yake ya 1992 inayopima ushiriki wa watoto na vijana kwa vidato 8, alisema vidato vitatu vya chini si ushiriki kabisa: kutumiwa, kufanywa pambo, na kuwekwa kwa jina tu. Ukigundua uko kwenye kimojawapo, waambie wenzako waziwazi. Ukinyamaza, jina lako litatumika kupitisha mambo ambayo hukuyakubali.

Mgombea anagawa pesa. Tuzile halafu tumpigie mwingine?

Hapana. Aliyekulipa anaona deni limekwisha, na ukienda kudai barabara atakukumbusha ulichopokea. Tena anayeanza kwa kukupa pesa huishia kukupa mawe. Siku ya fujo wewe utakuwa mahabusu na mwanawe darasani.

Ninaishi nchi isiyo yangu. Ninyamaze?

Usinyamaze. Kura ya taifa mara nyingi hufuata uraia, ingawa New Zealand huwaruhusu wakazi wa kudumu. Lakini uhuru wa kukusanyika na kujiunga na vyama, Tamko la Haki za Binadamu la 1948 limempa kila mtu. Soma sheria za hapo ulipo ujue mipaka yake, kisha jiunge na chama cha wapangaji au kamati ya wazazi. Huko hawaulizi pasipoti, na wanakosa makatibu.